Jina la Kuyanyamazisha Masikio

Watu wakiniuliza hiyo sauti ikoje, huwa nawauliza kwanza wanataka ya asubuhi au ya jioni. Ya asubuhi ni kama birika linalokaribia kuchemka, ile sauti nyembamba inayokufanya ugeuze shingo kuelekea jikoni. Ya jioni, nikiwa nimechoka, ni nyenje, tena si nyenje mmoja. Sikio la kulia ndilo lenye kelele zaidi, la kushoto linaitikia. Nimekuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya themanini, na leo, nikiwa mwalimu mstaafu mwenye wajukuu, bado ninayo. Nalisema hili mapema ili wewe ambaye masikio yanakulia usije ukasoma mpaka mwisho ukitafuta siku niliyopona. Siku hiyo haimo humu. Kilichomo ni jinsi nilivyorudi kulala, kufundisha na kucheka, na jinsi jina la mama yangu lilivyokaribia kupotea kwa ajili ya masikio haya haya.

Yalianza na malaria. Tulikuwa tunaishi Manyamanyama, Bunda, mimi nikifundisha darasa la kwanza na mume wangu Magesa akiwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha kuchambua pamba. Ilikuwa masika, mimba yangu ya kwanza ina miezi saba, na homa ilinipiga nikaanguka mbele ya ubao nikiwa na chaki mkononi. Hizo zilikuwa enzi za foleni. Ukilazwa hospitali ulikwenda na shuka lako, sabuni yako kama ulibahatika kuipata, na chupa yako tupu ya kutilia dawa ya maji. Nilitundikiwa dripu ya kwinini, na muuguzi akaniambia kwa sauti kubwa kama mtu anayeita ng'ombe, "Mwalimu, masikio yatalia! Usiogope! Ndiyo dawa inafanya kazi!"

Yakalia kweli. Wodi nzima masikio yalikuwa yanalia, maana karibu wote tulikuwa kwenye kwinini. Tulikuwa tunapigiana kelele kitanda kwa kitanda, mmoja anaomba maji, mwenzake anamjibu habari za shamba, tunacheka mpaka tunatapika. Sijawahi kuwa mgonjwa mchangamfu kama siku zile. Kisha mmoja mmoja wakaanza kusema, "Ya kwangu imeisha," wakafunga mashuka yao wakaenda nyumbani. Na mimi homa ikaisha, nikafunga shuka langu. Sauti nikaondoka nayo.

Siandiki haya ili mtu aikatae kwinini. Kwinini iliniokoa mimi na mtoto aliyekuwa tumboni, na ningeambiwa nichague tena ningenyoosha mkono ule ule. Wengi sauti hiyo huwa inawaisha. Mimi haikuisha, basi.

Mwanzoni niliona kama mzaha. Majirani walisema kuna mtu ananisengenya, nami nikajibu huyo mtu hana kazi nyingine, maana hata usiku halali. Lakini darasani mzaha ulikwisha haraka. Watoto wa darasa la kwanza wanasoma kwa sauti ndogo, hasa wale wasiojua wanachosoma, na mimi nilikuwa nawaambia, "Rudia. Rudia tena," mpaka mtoto analia. Usingizi ulikatika. Nywele za mbele zilianza kunyonyoka, na taya liliniuma kwa jinsi nilivyokuwa nakaza meno bila kujua. Nilikuwa nainama kuchochea jiko, sauti inapanda, nanyanyuka nimejaa hasira, na wa kupokea hasira ni Magesa. Chumvi ikizidi, Magesa. Mvua ikinyesha, Magesa.

Alinivumilia, na akaleta dawa. Kila aliyeshika spana pale kiwandani alikuwa na dawa ya masikio. Tulitia maji ya majani nisiyoyajua jina. Tulitia mafuta ya kondoo. Halafu mama mkwe akatuma samli kutoka Butiama, ya kupasha moto kidogo na kudondosha matone machache, nami kwa kuwa niliitaka nafuu kwa pupa nikajaza sikio zima, nikaziba kwa pamba, nikalala. Niliamka nikiwashwa. Sisimizi walikuwa wamejipanga kutoka ukutani, juu ya mto, mpaka sikioni kwangu. Enzi zile hata sisimizi walijua foleni. Sikio likavimba, na sauti ikaongezeka maradufu kwa sababu sasa nilikuwa siisikii dunia ila yenyewe tu. Wewe unayesoma, usitie kitu sikioni. Nenda kwanza ukachunguzwe na mtu mwenye tochi.

Ndipo Magesa akasema, kwa nia njema kabisa, "Nenda nyumbani kwa mama ukatulie. Kule hakuna kelele. Utajifungulia kule, mimi nitakuja."

Kwao ni nje kidogo ya Butiama, kwenye mawe na vilima. Utulivu wa kule watu wengine wangeulipia. Kuku wanalala mapema, upepo ukisimama hakuna hata jani linalotikisika. Na mimi utulivu ule ulinitesa kuliko kitu chochote nilichopata kukijua. Sauti ilitanda nyumba nzima. Nilikuwa nakaa nje mchana kutwa nikichambua mboga ambazo zilikwisha kuchambuliwa, ili tu vidole vitoe mchakacho. Nilidhani naingia wazimu, na sikumwambia mtu, kwa sababu mwalimu kuwa mwendawazimu ni habari inayofika mbali.

Mama mkwe aliniona. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa, na alinipenda. Naomba hilo likumbukwe katika yote yanayofuata. Alikuwa ananipikia uji wa mtama kila alfajiri na kukaa karibu mpaka nimalize. Siku moja aliniuliza sauti ile inaliaje, nikamwambia kwa mara ya kwanza yote, hata ile hofu ya wazimu. Kisha akasema, "Masikio yako inalia kama mtoto. Mtoto akiliaga hivyo bila kukoma, sisi tunafanyaje?"

Nilijua jibu, hata kwetu tunafanya hivyo. Mtoto mchanga akilia na kukataa ziwa, wakubwa wanakaa wanamtajia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine. Jina atakalonyamazia akashika ziwa, huyo ndiye aliyekuja, na jina hilo ndilo lake.

"Bibi yake Magesa, Nyangeta," akaendelea, "alikufa kiziwi. Miaka yake ya mwisho alikuwa anasema kichwani kuna ng'oma. Hajapata mtu wa kumrithi. Sasa umebeba mimba ya nyumba yake, na masikio inalia. Wewe mwenyewe ni mwalimu, jumlisha."

Nikajumlisha, na jumla ile sikuitaka. Kwa sababu mimi tayari nilikuwa na jina.

Mama yangu aliitwa Nyasatu. Alifariki mwaka mmoja kabla, katika kijiji chetu cha ufukweni ng'ambo ya Musoma, akiwa anaanika furu, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye mwamba kama alivyofanya maisha yake yote. Alizaa watoto kadhaa, nikabaki mimi peke yangu. Maana yake ni kwamba kama jina lile halikupita kwangu, halikuwa na pa kupita. Yeye mwenyewe alikuwa ananitania, "Ukipata wa kike usije ukanisahau ukamwita jina la kitabuni." Nilikuwa nimeshamwambia Magesa, na Magesa alikuwa amekubali.

Alipokuja kunitembelea nilimkalisha chini nikamwambia, "Mama yako anataka Nyangeta."

"Ameniambia."

"Na wewe umesemaje?"

Akakwaruza ardhi kwa kijiti. "Nimesema nitaongea na wewe."

"Basi ongea."

"Mama Nyasatu si wa kusahauliwa," akasema. "Atakuja, hata kwa mtoto wa pili. Lakini wewe hulali. Unakonda na mimba. Kama jina linaweza kukutoa kwenye hali hii, mimi nani nikatae?"

Nilimtukana. Nilimwambia hana msimamo, nikamwambia na mengine. Akaondoka bila kula, na mama mkwe akaondoa sahani ya pili. Lakini nikwambie ukweli, hata nilipokuwa namtukana nilikuwa najua nitakubali. Mtu asiyelala haongozwi na upendo wala na akili, anaongozwa na usingizi. Kama angekuja mtu akaniambia masikio yatanyamaza nikimwita mtoto Kijiko, ningeulizia kijiko kipi. Nilimpenda mama yangu kuliko mtu yeyote, na nilimtoa. Nilikwenda nyuma ya nyumba, kwenye jiwe, nikamwambia hivyo kwa mdomo wangu, nikilia.

Mtoto alizaliwa majira ya kuvuna pamba, wa kike, mzima, mwenye mapafu. Alilia mpaka majirani wakaja. Mama mkwe akamchukua akaanza kumtajia majina, taratibu, kwa heshima, na mimi nimelala nasikiliza kupitia nyenje wangu. Alipofika "Nyangeta" akamweka kifuani kwangu, mtoto akashika ziwa, akanyamaza. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi niliona kwamba hayo majina mengine yote alitajiwa akiwa mbali na ziwa, lakini sikusema. Nilikuwa nasubiri masikio.

Hayakunyamaza siku ile, wala juma lile. "Mgeni anavua viatu kwanza," mama mkwe akasema. Arobaini ilipopita Magesa alikuja kutuchukua, tukarudi Manyamanyama.

Usiku wa kwanza nyumbani nililala, nikaamka kunyonyesha, nikalala tena. Asubuhi nilikaa kitandani nikitafuta ile sauti kama mtu anayepapasa meno kwa ulimi. Ilikuwepo, ila kwa mbali sana, kama ya jirani wa tatu. Juma lililofuata nilikuwa naweza kupitisha saa nzima bila kuikumbuka. Nilianza kunenepa. Maziwa yakajaa. Nilimsamehe Magesa makosa ambayo hakuyafanya. Nilirudi darasani, na mtoto aliyesoma kwa kunong'ona nilimsikia mara ya kwanza.

Habari zilifika Butiama, na mama mkwe akaja na jogoo mwekundu na furaha isiyoelezeka. Alimnyanyua mtoto juu. "Nyangeta! Mama, ahsante! Umemwachia mkwe wangu!" Alikwenda nyumba kwa nyumba akisimulia. Mimi nilisimama mlangoni nikitabasamu, na niliamini. Nisomeke vizuri hapo. Niliamini kwa moyo wote, na nilifurahi, na kila nilipomwita mtoto kwa jina lake kulikuwa na mahali padogo ndani yangu palipouma.

Tulienda hivyo mpaka vuli ilipokaribia. Ndipo siku moja Magesa akarudi mchana, mikono michafu, akasema, "Kiwanda kimesimama. Mkanda mkubwa umekatika, na spea hakuna. Wanasema inatakiwa fedha za kigeni."

Enzi zile hiyo ilikuwa habari ya kawaida, kila kitu kilikuwa kinasubiri fedha za kigeni. Nilimpa pole, nikaendelea kufua. Na nikiwa nimeinamia beseni, mikono kwenye povu la magadi kwa sababu sabuni hakuna, nikalisikia birika.

Nilinyanyuka nikaingia jikoni. Jiko lilikuwa baridi. Nilisimama pale nikajua. Kiwanda kile msimu wa pamba kilikuwa kinanguruma mchana na usiku, mvumo mzito usiokatika, na sisi tuliokaa karibu nacho tulikuwa hatuusikii tena, kama mtu asivyosikia pumzi zake. Kilikuwa kimewashwa siku zile zile tuliporudi kutoka Butiama. Ule mvumo ndio uliokuwa umeyafunika masikio yangu. Siyo Nyangeta, masikini, ambaye alikuwa mgongoni kwangu amelala hana habari.

Jioni nilimwuliza Magesa, "Mkanda ukikatika, na jina nalo linaisha nguvu?"

Ilimchukua muda kidogo kuelewa, maana nilikuwa nimesimama tu na upawa. Alipoelewa hakucheka. Alikaa kwenye kigoda, akafunika uso na ile mikono yenye grisi. "Basi tumempa mtoto jina la mashine," akasema. Tuliomboleza wote wawili jioni ile, mimi kwa ajili ya mama yangu, yeye kwa ajili yangu. Tulikubaliana tusimwambie mama mkwe. Mtoto alikwishaitwa, jogoo alikwishaliwa, na jina la Nyangeta halikuwa na kosa lolote.

Hapo ndipo nilipofika chini kabisa. Lakini hata pale chini kulikuwa na kitu ambacho sikukiona mara moja. Kama mvumo wa kiwanda umeweza kuifunika ile sauti, basi ilikuwa inafunikika.

Nilikwenda Musoma kwa lori la magunia, nikiwa na Nyangeta mgongoni. Kiabakari tulisubiri dizeli tangu asubuhi mpaka jua linageuka. Nilifika hospitali siku ya pili na kukaa kwenye benchi la korido, zamu yangu ikiwa nyuma ya watu wengi. Kando yangu alikaa mzee mmoja, mfupi, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi. Alinitazama nikipapasa sikio, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ya kwako ni filimbi au ni mvua?"

Nilimgeukia. Tangu nitoke ile wodi ya kwinini hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali la mtu anayejua.

"Birika," nikasema. "Na nyenje."

"Mimi ni filimbi. Tangu kule mgodini Kiabakari, nikiwa kijana, tulikuwaga tunalipua mawe. Leo nimekuja kwa ajili ya goti." Akaninyooshea goti nilione.

"Baba, unalalaje?"

"Nalalaga vizuri. Mke wangu anakoromaga." Hakutania, alikuwa anaeleza. "Anakoroma sawasawa na trekta. Nikimsikia yeye, filimbi naiachaga huko huko. Akisafiri kwenda kwa watoto ndiyo nateseka. Nimemkataza kusafiri."

Nilicheka mpaka Nyangeta akaamka. Nilicheka na machozi, kwenye korido ya hospitali, watu wananitazama. Mzee naye akacheka, halafu akaniambia jambo nililolishika. "Huyo ni mpangaji, mwanangu. Ukimsubiri ahame, utakaa mlangoni maisha yako yote. Ingia ndani upike."

Tabibu aliyeniona alikuwa kijana mchovu mwenye adabu. Aliangalia masikio yote mawili kwa tochi, akayaosha yale mabaki ya dawa za kiwandani, akanipima kwa kunong'ona kutoka nyuma yangu. Aliniambia siyo wazimu wala si uziwi unaokuja kesho. Aliniambia hana dawa ya kuiondoa, na namshukuru mpaka leo kwa kutonidanganya. Nilipomsimulia habari ya kiwanda aliacha kuandika. "Mama, basi umeshajua kuliko ninachoweza kukupa," akasema. "Usikae kimya kimya. Kila mahali weka sauti ndogo. Na usiisikilize kila saa kuona kama ipo. Ipo."

Kiwanda sikuwa nacho, na Magesa hakoromi. Tulichokuwa nacho ni redio, na tatizo la redio lilikuwa betri. Betri zilikuwa hazipatikani dukani, kila nyumba ilikuwa inazianika zile zile juani, juu ya bati, ili zirudishe nguvu kidogo kwa ajili ya taarifa ya habari. Magesa akaanza kuzikusanya zilizochoka kutoka kwa mafundi wenzake na kuzipanga juu ya paa kama samaki. Betri mfu haiwezi kuvuta stesheni, lakini inaweza kutoa ule mkwaruzo wa katikati ya stesheni, shhhh, kama mvua ya mbali kwenye bati. Tulikuwa tunauweka chini ya kitanda, sauti ya kunong'ona. Majirani walidhani tumeshindwa kununua redio nzima.

Sikupona usiku ule. Ilipita vuli, ikapita masika nyingine. Darasani nilihamisha meza yangu dirishani, kelele za uwanjani ziniingie. Watoto niliwaambia wazi kwamba mwalimu ana nyenje kichwani, kwa hiyo wasome kwa nguvu ili nyenje asikie, na darasa langu likawa linasoma kuliko madarasa yote. Magesa nilimwambia pia nikiwa na siku mbaya, badala ya kumsubiri akosee. Na kidogo kidogo, bila siku ninayoweza kuitaja, ile sauti ikakoma kuwa habari. Ilikuwa inalia, nami nilikuwa napika.

Biashara ilipofunguliwa, maduka yakajaa. Sabuni za rangi, mitumba, kanga mpya, na betri, betri za kumwaga, mpya, kwenye meza za barabarani. Magesa alinunua nne siku moja akaniletea kama mtu anayeleta nyama. Nilikuwa na mimba tena, baada ya miaka mingi ya kusubiri, na mama mkwe alikuja kunisaidia.

Siku ya pili aliingia chumbani kwetu kuchukua kapu, akaikuta redio inafanya shhhh. Akaizima. Nikaiwasha. Alasiri akaizima tena, akaniita, "Mama Nyangeta, hii redio haijashika kitu. Inamaliza betri."

"Iache tu, mama."

"Ya nini?"

Ningeweza kusema uongo. Nilichoka kusema uongo. "Ni kwa ajili ya masikio," nikasema.

Alisimama na kapu mkononi. Alikuwa amezeeka. "Bado inalia?"

"Bado inalia, mama. Ilikuwa ni kiwanda, ule mvumo wake."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote."

Alikaa kitandani. Nilimwona anahesabu, majina, jogoo, nyumba alizozungukia kusimulia. "Na mimi nilichukua jina la mama yako," akasema, taratibu sana. "Nilijua ulikuwa unalitaka. Magesa aliniambia. Nikasema bora wewe upone." Nilikaa kando yake. Nilitaka kumwambia si kitu, lakini ilikuwa ni kitu, kwa hiyo nilimshika mkono tu. Redio ilikuwa inaendelea shhhh. Hakuizima tena, na alipokwenda kulala jioni aliiwasha yeye mwenyewe.

Mtoto alizaliwa Mei, mvua ikimalizikia, wa kike. Huyu alikuwa na mapafu kuliko dada yake. Alilia akaoshwa akilia, akafungwa nguo akilia, akakataa ziwa akageuza uso. Wanawake waliokuwepo wakamtazama mama mkwe, wakingoja aanze kutaja. Wa kwao waliosubiri kurithiwa walikuwa bado wengi, na mama yangu hakuwa mmoja wao.

Akampokea, akamweka kwenye mapaja, akainama karibu na lile domo dogo lililo wazi.

"Nyasatu," akasema.

Mtoto akalia zaidi. Mwanamke mmoja akanong'ona, "Amekataa huyo. Taja mwingine."

"Sitaji mwingine," mama mkwe akasema. Alinyanyua uso akanitazama mimi, siyo wale. "Niliwahi kungoja mtu anyamaze, nikakosea. Huyu ni Nyasatu. Acha alie."

Akanipa. Masikio yangu yalikuwa yanalia, mwanangu alikuwa analia, na mimi mwenyewe nilikuwa nalia. Katikati ya kelele zote hizo nilimwita mama yangu kwa jina lake, kwa sauti, na nilijisikia vizuri kabisa.

Nyasatu alilia mpaka jioni.